Namba za Ndani ya Geti

"Mvua inanyesha," sauti ilisema sikioni. "Anua nguo."

Nanjala alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya adui, waya mkononi, bisibisi mdomoni. Aliijua amri hiyo. Maana yake ni acha kazi, toka upesi.

Alitema bisibisi.

"Acha zilowe," alijibu.

"Narudia, anua nguo. Hatuna askari wa kutosha huko. Huyo dereva tumeshamhesabu."

Kumhesabu! Mkuu ameketi Nairobi na chai yake ya maziwa, anamhesabu Titus pamoja na wafu, ilhali Titus bado anapumua. Hasira ilimpanda Nanjala hadi masikio yakawaka. Alibadilisha mkondo wa redio, Nairobi ikanyamaza.

Titus alikuwa dereva wa lori, mtu wa Musanda. Ndiye aliyemweleza Nanjala jinsi sukari ya magendo inavyovushwa mpakani usiku na kutiwa kwenye magunia ya humu nchini. Hakuomba kitu. Miwa ya baba yake ilikuwa imekauka shambani bila mnunuzi, naye alichoka kubeba sukari iliyokuwa ikimuua mzee wake. Sasa alikuwa amefungiwa ghalani, nyuma ya nyumba hii hii ya mzungu hapa Lumakanda, pamoja na madereva wenzake wawili.

Mwenye nyumba, Krantz, alijua kwamba mmoja wa hao watatu ni msaliti. Hakujua ni yupi.

Aliyejua alikuwa ng'ambo. Mshirika wake, mtu aliyekulia Mombasa, alikuwa amemwona dereva akitoka kituo cha polisi siku aliyokuja kukagua mizigo. Jina hakulipata, sura aliishika. Basi atumiwe picha, aonyeshe kidole, na mtu afe. Walijaribu faksi, ikatoa sura nyeusi tii kama masufuria matatu. Ndipo Krantz akanunua kompyuta mbili za Compaq, skana na modemu, akaita fundi kutoka Kakamega mjini aje aziunganishe.

Fundi halisi alikuwa likizoni, kwa hisani ya serikali. Aliyekuja ni Nanjala, ovaroli ya buluu, bastola ya Ceska chini ya koili ya waya kwenye mkoba wa vifaa.

Mlango ulifunguliwa. Krantz aliingia, shati jeupe limepigwa pasi. Kiswahili alikuwa amekisoma miaka mingi, na alikivaa kama suti.

"Je, fundi, umekwisha?"

"Bado namba, bwana. Kila mashine inataka namba yake."

"Nimesoma habari hizo. Kuna jamii tatu za namba za faragha. Za kumi, za mia moja sabini na mbili, na za mia moja tisini na mbili. Wachagua ipi?"

"Ya kumi. Kumi, kumi, kumi, halafu namba ya mashine."

Krantz alikunja uso. "Lakini hiyo ndiyo jamii ya mwenzangu. Mashine yake ya kupokea nilikutajia asubuhi. Kumi, kumi, kumi, tano."

Nanjala aliendelea kukaza waya. Uso haukusogea.

"Si ndiyo vizuri, bwana? Ndugu wakifanana, wanaelewananga haraka."

Krantz alicheka. "Elewana, fundi. Si elewananga. Haya, weka hiyo."

Hapo ndipo Krantz alipojifunga kitanzi. Namba hizo ni za ndani ya geti. Nyumba mia zinaweza kuwa nazo zilezile bila ugomvi, kama vile kila boma lina jiko. Lakini ukiambiwa upeleke maji jikoni, hutoki kwenda kwa jirani. Unayapeleka jikoni kwenu. Krantz angechagua za mia moja tisini na mbili, picha zingepita kwenye simu na kuvuka bahari. Kwa hizi za kumi, mashine yake ingemtafuta tano humo humo nyumbani.

Na tano alikuwepo.

Chini ya dirisha palisimama pikapu yake, Peugeot 504 yenye turubai. Ndani ya turubai alilala Osundwa, jasusi mwenzake, mzaliwa wa Matungu, tumbo chini na kompyuta ndogo ya Toshiba mbele yake. Waya mmoja mwembamba ulitoka nyuma ya pazia, ukapita kwenye ufa wa dirisha, ukamfikia.

Krantz alipogeuka kutafuta picha, Nanjala alijikohoza kwenye kipaza sauti kilichofichwa kolani.

"Uko?"

"Niko tano, dada. Lakini hapa ndani ni jiko kabisa."

"Vumilia."

Krantz alibonyeza. Modemu ikalia, ikakoroma, ikatulia. Kwenye kioo zilipita sura tatu, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya Titus, jicho la kushoto limevimba.

Krantz alidhani zinavuka bahari. Hazikuvuka hata ua wa maua.

"Sasa tungoje," alisema.

Walingoja. Mlinzi, Kipruto, alisimama mlangoni na bunduki ya G3, akitafuna hindi la kuchoma. Nanjala alikaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tangu asubuhi. Alikuwa akiogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

Jibu likaja.

NIMEWAONA WOTE WATATU. HAWA SI WASARITI. WAACHIRIE WAENDE.

Krantz aliguna. Alikuwa amejiandaa kuua, na mtu akinyimwa alichojiandalia hununa.

"Kipruto! Wafungulie hao."

Kipruto alikwenda. Kufuli lililia, mlango wa ghala ukaburuzwa. Nanjala alivuta pumzi.

Krantz akainama tena kwenye kioo. Midomo yake ilicheza taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Wasariti," alisoma. "Waachirie."

Osundwa, ndugu yangu, Osundwa! Huku kwetu L na R ni mapacha, na hata mama mzazi huwachanganya. Mezani haina neno, sokoni haina neno. Leo ilitaka kumrudisha mtu ghalani.

"Mtu wa Mombasa," Krantz alisema polepole, "hawezi kuandika hivi."

Mkono wake ulizama kwenye droo, ukatoka na bastola ya Browning.

Nanjala alipiga meza teke. Kompyuta nzito ilimwangukia Krantz mapajani, risasi ikapasua dari, vumbi la enzi za wakoloni likamwagika juu ya shati jeupe. Alipofumbua macho, Ceska ilikuwa imemgusa paji la uso.

"Hapa si Mombasa," Nanjala alimwambia. "Hapa ni Lumakanda. Lala chini."

Alilala.

Nje, mlio wa risasi ulikuwa umemgeuza Kipruto, madereva wakamrukia; sasa Titus alikuwa amemkalia mgongoni. Wenzake wawili walishika G3 pamoja, kila mmoja akiogopa kuiacha. Osundwa alitoka chini ya turubai, amelowa jasho.

"Dada, alijuaje?"

"R zako."

Osundwa aliifungua Toshiba, akasoma, akasoma tena. "Mimi naonanga iko sawa tu."

Nanjala alicheka. Kisha akachomoa waya wa sikioni, akairudisha redio kwenye mkondo wa Nairobi, sauti wazi.

"Krantz yuko kwa pingu. Madereva wako hai."

Mkuu akakohoa. "Vizuri. Mlete Titus kwa siri. Atapewa jina lingine, ahamishwe mbali. Hawa watu wana mkono mrefu."

Titus alikuwa amesikia. Aliinuka mgongoni mwa Kipruto, akajipangusa magoti.

"Jina lingine ya nini? Mimi nimeiba? Wao ndio wajifiche. Siku ya korti nitasimama hapo mbele, na wakiuliza nani alisema, nitasema ni mimi. Titus wa Musanda. Waandike na jina la baba yangu."

"Amekataa, afande," Nanjala alisema.

"Hiyo ni amri!"

"Nimesikia, afande."

Alizima redio, akamwachia Osundwa mateka awalinde mpaka askari wafike. Kisha akamtupia Titus funguo za Peugeot.

"Basi endesha wewe. Pitia barabara kubwa."

Walipita sokoni Lumakanda polepole, vioo vimeshushwa, na watu wakamwona.