Mstari wa Sechelela

Huyu ni Sechelela. Yuko darasa la pili. Anakaa katika kijiji kimoja cha Dodoma, kwenye udongo mwekundu na vumbi jingi.

Mama yake hupiga ngoma. Sechelela hucheza. Hufunga njuga miguuni, vikengele vidogo vya chuma, halafu huruka.

Ndi, ndi, ndi, ngoma inaita.
Chaka, chaka, chaka, miguu inaitika.

Jumamosi, kijiji kitafungua bomba jipya la maji. Watu wote watakuja. Darasa la pili watacheza ngoma.

Mwalimu Chilongani akampa Sechelela kipenga. "Wewe utakaa mbele," akasema. "Wenzako watakufuata."

Sechelela akakivaa shingoni. Hata wakati wa kula hakukivua.

Mazoezi yakaanza. Prii. Sechelela akaondoka. Alirusha miguu juu. Alitikisa mabega. Alicheza vizuri sana.

Ndi, ndi, ndi, ngoma inaita.
Chaka, chaka, chaka, miguu inaitika.

Akafika mwisho wa uwanja. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Wenzake walikuwa mbali. Wengine walikuwa wamesimama. Wengine walikuwa wamegongana. Chibago, mdogo kuliko wote, alikuwa amekaa chini, anahema.

"Mbona hamnifuati?" Sechelela akauliza.

"Unakimbia," akasema rafiki yake Ndahani.

"Sikimbii. Nacheza."

"Basi unacheza peke yako," akasema Ndahani. Akaenda kukaa kivulini.

Wakajaribu tena. Mstari ukakatika tena.

Mwalimu akawaita wote. "Jumamosi iko karibu," akasema. "Mkishindwa, nitawaomba darasa la sita wacheze."

Sechelela alitazama vidole vya miguu yake. Alitaka kulia, lakini hakulia.

Mwalimu hakumgombeza. "Mpe Ndahani kipenga," akasema. "Leo wewe cheza nyuma, pamoja na Chibago."

Sechelela hakupenda. Lakini alikwenda.

Huko nyuma kulikuwa na vumbi. Vumbi la miguu ya watu wote. Sechelela hakumwona Ndahani. Aliona mgongo wa mtu tu. Kipenga kilisikika kwa mbali, kidogo sana. Prii.

"Chibago, unamwona aliye mbele?"

"Mimi huwa simwoni," akasema Chibago.

"Sasa unajuaje pa kwenda?"

"Nasikiliza njuga."

Miguu ya Chibago ni mifupi. Wenzake wakipiga hatua, yeye huruka ili awafikie. Sechelela hakuwahi kuliona jambo hilo. Sasa aliliona.

Akafumba macho. Akasikiliza.

Ndi, ndi, ndi, ngoma inaita.
Chaka, chaka, chaka, miguu inaitika.

Kesho yake Mwalimu akamrudishia kipenga. Sechelela hakupuliza mara moja. Aligeuka kwanza, akamtafuta Chibago kwa macho.

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

Prii. Sechelela akapiga hatua fupi. Njuga za nyuma zikififia, alicheza papo hapo, akangoja. Zikisikika tena, alisonga mbele.

Mstari ukazunguka uwanja mzima. Haukukatika.

"Leo hukimbii," akasema Ndahani.

Jumamosi ikafika. Watu walikuja wengi mno. Walikaa huku, wakakaa kule. Uwanja ukawa mdogo.

Mama akakaa na wapiga ngoma wenzake. Akainua mikono yake.

Ndi, ndi, ndi, ngoma inaita.
Chaka, chaka, chaka, miguu inaitika.

Darasa la pili wakaingia. Sechelela mbele, Chibago nyuma kabisa. Wakacheza, wakacheza.

Mara Sechelela akaona kina mama wamekaa chini mbele yake, na watoto wachanga mapajani. Hapakuwa na njia ya kupita. Ilibidi mstari ugeuke, tena haraka.

Akaweka kipenga mdomoni. Akavuta pumzi. Vumbi likamwingia kooni.

Koh, koh, koh. Kipenga hakikulia.

Huko nyuma, Chibago alisikia njuga za mbele zimenyamaza. Akatazama nyuma yake. Palikuwa peupe mpaka kwenye bomba.

"Huku pana nafasi," akaita. "Nifuateni."

Chibago akageuka. Aliyekuwa mbele yake akageuka. Mwingine akageuka, na mwingine, na mwingine. Sasa Chibago alikuwa wa kwanza. Sechelela alikuwa wa mwisho.

Kikohozi kikaisha. Kipenga kilikuwa mkononi mwake. Angeweza kukimbia kwenda mbele.

Alisimama kidogo. Mama alikuwa anamtazama.

Sechelela akakiachia kipenga kikaning'inia. Akasikiliza njuga. Akafuata.

Ndi, ndi, ndi, ngoma inaita.
Chaka, chaka, chaka, miguu inaitika.

Chibago akawapeleka hadi kwenye bomba. Alipiga hatua fupi, na wote wakapiga hatua fupi. Mwenyekiti wa kijiji akafungua maji. Chwaaa. Kina mama wakapiga vigelegele. Watoto wakacheza kwenye matope.

Jioni, Mama alimwosha Sechelela miguu. Maji yakawa mekundu.

"Nilikuona nyuma kabisa," akasema Mama.

"Ndiyo, Mama. Chibago ndiye aliyeiona njia."

"Hukujisikia vibaya?"

Sechelela akafikiri. "Kidogo. Halafu nikaona mstari haujakatika."

Mama akampangusa miguu. Akamlaza kitandani, akamfunika shuka.

"Na Jumatatu, mkicheza tena shuleni, nani atakaa mbele?"

"Ndahani anataka," akasema Sechelela. Macho yake yalikuwa yanajifumba. "Nitamwambia aende polepole. Huko nyuma kuna vumbi."

Akalala.