Watu Wawili Kuelekea Skardbu

Ukumbi wa shule ulifurika kama harusi isiyo na kadi. Majani yakianza kupukutika, watu wa Bergen huleta pale vitu vyao vya theluji vilivyowabana au kuwachosha: viatu, makoti, skii, zile mbao za kutelezea, zilizofungwa jozi jozi kwa kamba. Watoto wanalia, akina mama wanavutana sufu, na kona moja inanuka kahawa.

Benedita Falcão alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke Porto kuja kusoma elimu ya miamba kwa mwaka mmoja. Alivaa koti la mvua la manjano lililomfika magotini na hereni za fedha kubwa kama vibweta. Akaweka mkono juu ya skii nyekundu, akakuta mkono mwingine umemtangulia.

"Hizo zangu," alisema mwenye mkono.

"Umeshalipia?"

"Sijalipia. Naziuza."

"Sasa mbona umezing'ang'ania kama mke wa pili?"

Kijana akacheka mpaka akaziachia. Aliitwa Torgeir Helleland, seremala, mrefu, sweta la kijivu lililotoboka kiwiko na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Umewahi kuteleza kwenye theluji, dada?"

"Nimewahi kuteleza kwenye sabuni."

"Basi nakuuzia kwa sharti moja. Nikufundishe mwenyewe. Sitaki niitwe siku moja nikakuokote huko juu."

Alisema kwa mzaha. Mama mmoja aliyekuwa akipimisha mtoto viatu pembeni hakucheka. Alimjua Torgeir, na alijua wikendi zake anazitumia wapi: kwenye kikosi cha kujitolea cha uokoaji, kutafuta watu waliopotea mlimani. Wengine huwapata wakiongea. Wengine huwapata majira ya kiangazi, theluji ikishayeyuka.

Mapenzi yao hayakuwa siri, maana katika nyumba ya wanafunzi alimopanga Benedita jiko lilikuwa moja na masikio kumi na mawili. Simu ya Benedita ikilia, sufuria zote zilinyamaza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula supu ya Barna."

"Tena? Huyo Mhungari atakumaliza kwa pilipili."

"Wivu?"

"Wivu wa supu."

Jikoni, Barna mwenyewe, fundi wa kupika na kumwimbia kila msichana, alipiga mwiko kwenye sufuria akapaza sauti, "Mwambie mimi nasubiri foleni tu!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Torgeir naye alicheka kule kwenye simu, ila alichelewa kidogo.

Januari alimpandisha mlimani kwa mara ya kwanza, mpaka kibanda cha Grønbotn. Ni chumba kimoja cha mbao, jiko la kuni, vitanda vinne, hakuna mlinzi wala mtandao wa simu. Mezani palikuwa na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Andika," alisema Torgeir. "Jina, mko wangapi, unatoka wapi, unakwenda wapi."

Benedita akachora moyo.

"Hapana, mpenzi." Sauti yake ilibadilika ghafla, kama mtu aliyekanyaga barafu nyembamba. "Hili si la kuchorea. Ukipotea, hiki ndicho kitu cha kwanza tunachosoma, na tunakifuata kuliko tunavyomfuata mama yako. Nikiwa zamu nasoma madaftari ya vibanda vyote kila siku."

"Kila siku unasoma majina ya watu?"

"Kila siku."

Alilikumbuka hilo. Ingekuwa heri angelisahau.

Pasaka ilipokaribia, mji ukaanza kuhamia mlimani na machungwa yake, maana huko Pasaka bila chungwa si Pasaka. Torgeir alikuwa amemwalika kwa mama yake, kwenye nyumba yao ya mlimani, na Benedita alikuwa ameshashona gauni la buluu. Jumatatu ukaja ujumbe: "Pasaka siwezi. Nimepangiwa zamu. Samahani."

Ndivyo alivyo. Kwa Torgeir maneno matano ni hotuba. Hakuandika kwamba mwenzao amevunjika mguu, wala kwamba amelia kidogo garini. Benedita alipiga simu mara nne, haikupokewa, maana simu ilikuwa kabatini na Torgeir alikuwa juu ya theluji. Jioni ikaja picha kwenye kundi la kikosi, ikazunguka mpaka ikafika jikoni: Torgeir kwenye ngazi ya kituo, koti jekundu la kikosi, mkono begani kwa mwanamke mwenye nywele za dhahabu zilizosukwa, wote wawili wanamenya chungwa moja.

"Ragnhild, yule mwenye saluni," alisema Marjolein, Mholanzi wa chumba cha jirani, ambaye habari hazikuwahi kumpita. "Shoga, mwanamume wa huku akikualika kwa mama yake Pasaka, hiyo ni posa. Akighairi..."

"Malizia."

"Nimemaliza."

"Basi funga mkoba. Na sisi tunapanda."

Alhamisi walifika Grønbotn. Viatu vilimchuna Marjolein visigino, jioni ile ile akapata lifti ya pikipiki ya theluji ya wapita njia hadi stesheni, akashika treni. "Njoo kesho asubuhi, njia ni fupi, vijiti vimechomekwa mpaka stesheni," alimwambia mwenzake. "Saa nane nipigie. Usiponipigia napiga yowe."

Ijumaa Kuu, saa tatu asubuhi, Benedita alikuwa peke yake na lile daftari. Nje, vilele vya mashariki vilikuwa vimetoweka, kama mtu amevifuta kwa kiganja. Alijua Torgeir angepita. Alijua angesoma. Aliona picha ile tena, lile chungwa.

Akaandika: Benedita na Barna. Watu wawili. Kuelekea Skardbu.

Skardbu ni kibanda kidogo upande wa mashariki, chenye kitanda kimoja. Kila mtu anajua wanaokwenda Skardbu wanakwenda kufanya nini. Kisha akafunga skii zake nyekundu, akashika njia ya magharibi kwenda stesheni. Dakika ishirini baadaye hakukiona kijiti cha mbele, na alipogeuka, cha nyuma nacho hakikuwepo.

Saa nane simu haikulia. Saa tisa Marjolein alipiga yowe kama alivyoahidi.

Torgeir na wenzake watatu walifika Grønbotn saa kumi na moja, upepo ukiupiga mlango kama mdai. Mzee Arnfinn, kiongozi wa kikosi, aliwasha taa ya kichwani akasoma. Torgeir alisoma juu ya bega lake, mara mbili.

"Rafiki yake anasema alikuwa anateremka stesheni," alisema Ragnhild.

"Hayo ni maneno ya jana," Arnfinn akajibu. "Daftari ni la leo. Tunafuata daftari. Torgeir, huyo Barna unamjua?"

"Namjua."

"Mzoefu?"

"Wa supu," alisema Torgeir, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Wakaenda mashariki. Theluji ilikuja kwa ubavu, nene, mpaka kila mmoja akawa anamwona mwenzake kama kivuli. Skardbu jiko lilikuwa baridi, kitanda hakijaguswa. Wakatawanyika kuchimba kwenye mawimbi ya theluji chini ya genge. Huko Ragnhild alivua glavu afunge mkanda, upepo ukaichukua. Hakuifuata. Aliendelea kuchimba kwa mkono mtupu.

Torgeir alipanda ukingoni kutafuta mtandao. Alisema anajaribu simu ya Benedita, na kweli aliijaribu, imezimwa. Halafu akapiga ya Barna. Hakujua anataka nini: isiite, au iite.

"Haloo! Nani huyo? Sema upesi, kitunguu kinaungua!"

Torgeir aliikinga simu na upepo.

"Barna. Uko wapi?"

"Jikoni, bwana. Wapi tena?"

"Benedita yuko na nani?"

"Si alikuwa na Marjolein? Haloo? Torgeir? Mbona unapumua hivyo?"

Aliyedanganya kuhusu mtu wa pili amedanganya na kuhusu njia. Torgeir alipiga kelele kwenye redio, akageuza pikipiki magharibi kabla Arnfinn hajaruhusu. Saa mbili usiku, mwanga wa mwisho wa siku ndefu za huko ukiwa rangi ya jivu, aliona ncha ya skii nyekundu imechomoza. Chini yake palikuwa na shimo lililochimbwa kwa sahani ya bati, na ndani ya shimo koti la manjano.

"Benedita! Nitazame. Sema kitu chochote, mpenzi. Nitukane."

Midomo ilichelewa kufunguka. "Chungwa," alisema. "Mlikula chungwa langu."

Torgeir akamkumbatia, akalia kwa sauti, mtu ambaye Benedita hakuwahi kumsikia hata akipiga chafya kwa sauti.

Hospitalini Bergen walimfunga miguu bendeji. Vidole vyote kumi vingepona. Torgeir alilala kitini siku mbili, akamlisha uji, akamweleza yote kwa mkupuo: mguu wa mwenzao uliovunjika, kilio cha garini, mama yake anayeuliza mgeni anapenda samaki au nyama.

"Ungeniandikia hayo, mjinga wewe."

"Nilidhani unajua."

"Najuaje? Mimi natoka kwetu, mtu akichelewa dakika kumi anapiga simu tatu!"

Walicheka wakibusiana, na nesi akafunga mlango taratibu. Kisha Torgeir akashusha sauti.

"Arnfinn aliuliza kuhusu daftari. Nimeandika kwenye ripoti kwamba wewe mgeni, hukuelewa matumizi yake. Kila mtu ameamini. Imekwisha."

"Lakini ulinieleza."

"Imekwisha, Benedita."

Asubuhi ya Jumatatu aliomba magongo, akajikokota vyumba vitatu mbele. Ragnhild alikuwa amekaa kitandani, nywele hazijasukwa, mkono wa kulia umefungwa mkubwa kama mkate. Ndani ya bendeji ile vilipungua vidole viwili vilivyouawa na baridi, vile vya kushikia mkasi wa saluni.

"Karibu," alisema. "Miguu inaendeleaje?"

Benedita hakuketi. Kama angeketi asingesema.

"Daftari nililielewa. Torgeir alinifundisha. Niliandika uongo kwa makusudi, ili aumie, kwa sababu ya picha yenu. Barna hakuwepo. Nilikuwa peke yangu."

Ragnhild alisukuma nywele nyuma kwa mkono wa kushoto. Hakupandisha sauti. Watu wa kule hawapandishi, na ndiyo maana inatisha.

"Hakuwepo?"

"Hakuwepo."

"Lakini nilimsikia," alisema Ragnhild. "Chini ya lile genge. Mwanamume, anaita. Nilimsikia vizuri kabisa. Ndiyo maana sikuifuata glavu."

Benedita aliutazama ule mkono wa bendeji.

"Nani sasa aliyekuwa ananiita?" aliuliza Ragnhild, taratibu, kama anayeuliza saa. Kisha akageuza uso dirishani. "Toka, tafadhali."

Saa sita, Benedita akiwa ameshapewa ruhusa ya kutoka, Torgeir aliingia. Nje theluji ya masika ilikuwa inaanguka, naye alikuwa na sweta tu, lile la kiwiko kilichotoboka.

"Koti lako liko wapi?"

"Nimelirudisha. Ragnhild amemweleza Arnfinn yote. Hakunifokea hata. Alinyoosha mkono tu, nikalivua." Alitazama mikono yake. "Miaka tisa, Benedita."

"Nisingeweza kumwacha aamini..."

"Najua."

"Ungeweza wewe?"

Torgeir aliinama chini ya kitanda. Alichukua begi dogo la Benedita, aliloletewa na Marjolein, lenye gauni la buluu ambalo halijavaliwa, akatoka. Benedita alijongea dirishani kwa magongo. Chini, kwenye maegesho, Torgeir alikuwa anapangusa theluji kwenye gari lake. Kioo cha mbele. Cha nyuma. Vya ubavuni, kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayehesabu. Alipomaliza akafungua mlango wa abiria, akasimama akiushikilia wazi, theluji ikiingia ndani ya gari na kutua juu ya kiti.

Hakuangalia juu. Hakuita.

Benedita alivaa koti la manjano, akaanza kushuka ngazi kwa magongo, daraja baada ya daraja, bila kujua kama anapelekwa kwa mama yake Torgeir au uwanja wa ndege.