Maandishi Mekundu Kitabuni

"Nilikurudishia!"

"Hukunirudishia!"

"Nilikurudishia Jumatatu, ukakiweka hapo mezani. Kama ulisahau kuandika, hilo ni lako, si langu."

Aliyesema hivyo alijulikana shule nzima kwa jina la Sinema. Aliyeambiwa alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, naye walimwita Funguo, kwa kuwa mwaka huo ndiye aliyekabidhiwa funguo za maktaba ya shule. Walikuwa wamesimama mlangoni pa maktaba hiyo, saa nane na nusu mchana, masomo yamekwisha. Funguo alilikumbatia daftari la kuazima vitabu kama mtu anayejikinga na mvua.

"Tazama mwenyewe," alisema. "*Mgeni wa Saa Kumi*. Siku uliyokichukua ipo. Siku ya kurudisha haipo. Mwalimu amenipa hadi atakapofunga leo, saa kumi na nusu. Kisipoonekana, nakabidhi funguo na kazi anapewa mwingine. Mwenzangu, nakuomba. Kama unacho, sema tu unacho."

"Sina."

Sinema alilitamka neno hilo haraka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Kitabu alikuwa nacho.

Nyuma yao wasichana watatu wa darasa lao walikuwa wakingoja, wakisukumana.

"Wewe Sinema, achana na mambo ya vitabu! Tuambie, aliyegonga mlango ni nani?"

"Jana ulituacha mkono uko kwenye kitasa. Mimi sikulala!"

"Kesho," alijibu Sinema. "Sehemu hiyo inaonyeshwa leo."

Aliondoka bila kumtazama Funguo usoni.

Mambo yalianza hivi. Sinema alipenda hadithi kuliko kula. Kila tamthilia aliyoitazama kwenye televisheni aliibeba hadi shuleni, akaisimulia upya wakati wa mapumziko, na kuiigiza pia. Aliwalilia walioachwa, aliwagombeza mama wakwe, aliwaonea huruma hata majambazi. Nyumbani alikuwa akibishana na kioo cha televisheni: "Usiende huko, mjinga wewe!" Mama yake, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na hakuwa na muda wa kupoteza, alimwambia, "Hakusikii. Na hata angekusikia, kulipwa kwenyewe amelipwa ili aende."

Kisha televisheni yao ikaungua. Ilitoa harufu ya mpira, ikanyamaza. Sinema aliogopa. Bila tamthilia, nani angemzunguka wakati wa mapumziko? Ndipo alipookota kitabu kile maktabani na kuanza kukisimulia kama tamthilia mpya aliyodai anaitazama kwa shangazi yake. Kilihusu mwanamke anayeishi peke yake, na kila siku saa kumi alasiri mtu asiyejulikana anagonga mlango wake mara tatu. Wenzake walikipenda mno. Sasa angekirudishaje? Mwingine angekiazima, na siri ingefichuka.

Alikificha mahali ambapo hakuna aliyetazama: chumbani kwa babu.

Babu aliugua kiharusi mwaka uliopita. Mkono wa kulia ulikufa kabisa, na maneno yalipotoka mdomoni mwake yalikuwa yamevurugika hadi hakuna aliyeyaelewa. Mkono wa kushoto ulitetemeka, kijiko hakikufika mdomoni, hivyo alilishwa. Akihitaji kitu aligonga kikombe cha bati kwa kijiko: ko, ko, ko. Kando ya kitanda chake, upande wa kushoto, palikuwa na sanduku la bati lenye vitu vyake vya kazi ya zamani, vyuma vilivyopata kutu na makopo ambayo hakuna aliyejua yana nini. Humo ndimo Sinema alimokitia kitabu. Kila alasiri, kabla mama hajarudi, alikaa sakafuni na kusoma kwa kunong'ona, huku babu amelala macho nusu wazi. Hakuweza kujizuia kubishana na kitabu pia. Aliandika pembeni kwa penseli.

Mwanamke wa hadithini aliposogea mlangoni, Sinema aliandika: *Mjinga huyu! Usifungue!*

Siku iliyofuata, Jumatatu, chini ya maneno yake palikuwa na maandishi mengine. Yalikuwa makubwa na mekundu, yameegemea nyuma kama nyasi zilizopigwa na upepo.

*Atafungua. Kungoja kunachosha kuliko kuogopa.*

Sinema alikitupa kitabu kikaangukia zulia. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Jirani aliyekuja kumlisha babu mchana hakuvijua vitabu wala havikumjua. Mama alitoka alfajiri. Alitaka kukimbia akamwulize mama, "Nani anaandika kwenye kitabu?" Lakini mama angeuliza, "Kitabu gani?" Akanyamaza.

Jumanne aliandika: *Wewe ni nani?*

Jumatano jibu lilikuwapo.

*Nakaa gizani. Nawaona wote. Hawanioni.*

Alipoligusa, wekundu ulimganda kidoleni. Haukuwa wino. Ulikuwa na mafuta, kama kitu kilichotoka mwilini. Alisugua kidole kwa sabuni hadi ngozi ikauma. Kabla ya kukifunga kitabu aliandika swali moja tu: *Unataka nini?*

Sasa ilikuwa Alhamisi. Sinema aliingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akasimama ukumbini. Nyumba ilikuwa kimya, ule ukimya wa alasiri unaokufanya usikie hata bomba likidondoka jikoni. Alijiambia atakichukua tu kitabu, akitupe nyuma ya rafu za maktaba, kionekane chenyewe. Hakuna atakayeulizwa. Lakini ilimchukua saa nzima kupata ujasiri wa kuingia kwa babu.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Babu alikuwa amelala chali, macho nusu wazi. Sinema aliinua kifuniko cha sanduku.

Kitabu hakikuwa alipokiweka.

Kilikuwa juu ya vitu vyote, kimefunguliwa, kikimngoja. Pembeni pote pa ukurasa palikuwa pekundu.

*Nataka mwisho. Usikiondoe kabla sijafika mwisho.*

Wakati huohuo mlango wa mbele ukagongwa. Mara tatu.

Alitazama saa ya ukutani. Saa kumi kamili.

Alikaa palepale, mgongo ukiegemea kitanda. Mlango ukagongwa tena. Mara tatu. Hakuitika. Hata kupumua alikupunguza. Kisha akasikia kitasa kikizungushwa, polepole, kama katika ule ukurasa aliowasimulia wenzake. Chuma kikalia. Mlango ukafunguka.

Sinema alipiga ukelele akatoka mbio hadi ukumbini.

"Nini?" alisema mama, ufunguo mkononi, unga wa ngano kwenye nyusi. "Nyumba inaungua? Kama haiungui, mbona mwenzako umemwacha nje kama fenicha iliyokosa nafasi?"

Nyuma ya mama alisimama Funguo, macho yamemvimba.

"Shikamoo yako nimeisikia, mwanangu, ingia," mama alimwambia. "Haya. Nani aniambie."

"Ni kitabu, mama," alisema Funguo. "Cha maktaba. Yeye anasema alinirudishia. Nimekitafuta hadi chini ya makabati. Saa kumi na nusu nanyang'anywa funguo. Nimekuja kumwuliza kwa mara ya mwisho."

Mama akamgeukia binti yake. "Ulimrudishia?"

Sinema alifungua mdomo. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini. Kabla halijatoka, chumbani kwa babu kukasikika: ko, ko, ko. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo.

Mama alifika wa kwanza. Babu alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda, nusu ya mwili nje, mkono wa kushoto umenyooshwa kuelekea sanduku. Kijiko na kikombe vilikuwa chini. Mama alimkamata makwapani na kumrudisha kama anavyobeba magunia ya unga, kwa nguvu na kwa uangalifu. Kisha akautazama mkono ule. Kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata vilikuwa vyekundu. Katikati yake, kimebanwa kwa nguvu zote, palikuwa na kipande cha kalamu ya nta.

"Baba," alisema mama taratibu. "Hizi si zile kalamu zako za kutia alama kwenye mikanda ya filamu?"

Babu alitikisa kichwa kukubali.

Sinema alikitazama kitabu, akavitazama vile vidole, na hofu yote ya siku nne ikamtoka kama hewa kwenye mpira. Mahali pake palibaki aibu, nayo ilikuwa nzito zaidi.

"Kitabu ninacho mimi," alisema. Alikiokota sandukuni. "Sikukirudisha. Funguo hakukosea kitu. Na hakuna tamthilia yoyote kwa shangazi. Nilikuwa nasoma humu na kuwadanganya wote." Akaanza kulia. "Yalipoanza kutokea maandishi nilidhani ni... nilidhani yule mgeni..."

"Ulidhani mzimu," alisema mama. "Kumbe ni babu yako mwenye akili timamu kukushinda wewe."

Alichukua bahasha kuukuu mezani, akaiweka chini ya ule mkono wa kushoto. "Sema, Baba. Kwa nini kitabu hiki?"

Ilichukua muda mrefu. Kalamu ilitetemeka, ikateleza, ikarudi. Wote watatu waliinama kutazama herufi zikitoka moja moja.

*Sijawahi kuona mwisho.*

Mama alikaa kitandani ghafla.

"Miaka thelathini aliendesha mashine kwenye jumba la sinema," aliwaambia wasichana. "Chumba cha nyuma, chenye giza, tundu dogo la kutazamia. Mkanda wa mwisho ukianza, yeye anageuka kuirudisha ile mingine mwanzo, maana onyesho la pili linangoja. Watu wote wanauona mwisho isipokuwa yeye. Alikuwa anausikia ukutani tu. Nikiwa mdogo kama nyinyi nilimwuliza, utajuaje kama filamu ni nzuri? Akasema, nzuri naijua watu wakisahau kupiga makofi." Alipangusa unga kwenye nyusi ingawa haukuwa ukimsumbua. "Na mimi tangu augue namwuliza umeshiba, una baridi. Mambo ya kutikisa kichwa. Kalamu sikumpa. Hilo ni kosa langu, nami nitalirekebisha. Sasa tuje kwenye lako."

Sinema aliinamisha kichwa.

"Nitazame. Siku zote hizi umeishi na hofu ndani ya nyumba yangu, na dawa yake ilikuwa swali moja: mama, nani anaandika hapa? Ningekujibu nikiwa navua viatu. Kwa nini hukuuliza?"

"Kwa sababu ungeuliza kitabu kimetoka wapi."

"Umeona? Anayeficha kitu hana wa kumwuliza. Uongo haukukuficha, ulikufungia peke yako na huyo mgeni wako. Na ufunguo wa kukutoa unao mwenzako, ambaye umemwacha anaadhibiwa." Alitazama saa. "Saa kumi na dakika kumi na nane. Shule ni mwendo wa dakika tano. Unangoja nini?"

Sinema alimtazama babu. "Zimebaki kurasa sita, mama. Tumsomee kwanza, halafu..."

Lakini babu alikuwa ameshakifunga kitabu mwenyewe. Alikisukuma kwa mkono wake mwekundu, kikateleza juu ya shuka, hadi kikagusa mkono wa Funguo.

"Umejibiwa," alisema mama. "Kimbieni!"

Walikimbia. Mwalimu wa maktaba alikuwa akifunga dirisha la mwisho. Wale wasichana watatu walikuwa bado wamekaa barazani wakipiga soga, na Sinema hakungoja waondoke.

"Mwalimu, kitabu nilikuwa nacho mimi," alisema huku akihema. "Nilisema uongo. Funguo aliandika sawasawa. Na nyinyi pia, hakuna tamthilia. Ni hiki."

Wasichana waliacha soga, wakasogea.

"Kwa hiyo," alisema mmoja wao, "ule mkono kwenye kitasa umo humo?"

"Ukurasa wa sabini."

"Mwongo mkubwa wewe! Mwalimu, naomba niandikwe wa kwanza!"

Mwalimu hakucheka. Alifunua kurasa moja moja, akayaona ya penseli, akayaona na ya nta.

"Penseli utaifuta yote kesho, mapumziko mazima," alimwambia Sinema. "Na mwezi huu huazimi chochote. Funguo, funguo baki nazo, na nisamehe kwa kukushuku." Akasita kwenye wekundu. "Huyu mwingine amefika wapi?"

"Zimebaki sita," alisema Sinema. "Ni babu yangu. Amelala kitandani."

Mwalimu alimtazama Funguo. Funguo alifungua daftari, akaandika siku ya kurudisha penye ile nafasi tupu. Kisha, katika mstari mpya, chini ya jina la mwazimaji, akaandika: *Babu yake Sinema. Hadi kesho asubuhi.* Sinema alinyoosha mkono kukipokea kitabu.

"Nitakibeba mimi," alisema Funguo.

Walirudi kwa miguu, bila kusemezana sana. Mlangoni Funguo aligonga mara tatu. Kutoka ndani kukajibiwa: ko, ko, ko.

Pazia lilikuwa limefunguliwa na babu ameketishwa kwa mito. Sinema alisoma kwa sauti kurasa zote sita, hadi kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka, na mgeni akasema jina lake. Alipofika kwenye nukta ya mwisho aliinua macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, kitu kikiungua jikoni. Hakuna aliyepiga makofi.