Mabakuli ya Bi Halina

Semeni Shemzigwa alikuwa akipanda ngazi za ghorofa kuukuu mjini Gdansk, Polandi, theluji ikianguka dirishani, na wakati huohuo alikuwa amelala chali Raskazone, Tanga, miguu peku, feni ikimpuliza.

Kilichopanda ngazi kilikuwa kiwiliwili cha mbali. Kilikuwa na kimo cha mtu mzima, ngozi ya mpira laini, macho mawili mbele na jicho la tatu kisogoni ili kisigongwe na magari. Kijana aliyekitumia alijilaza kitandani, akavishwa kofia ya hisi, na kufumba na kufumbua akajikuta anatembea katika mji asioujua. Aliona, alisikia, alishika. Baridi ilimgusa bila kumpa mafua. Na sikioni alikuwa na mnong'onezi, akili ya mashine iliyojua lugha zote na adabu zote: wapi uvue viatu, nani umwamkie kwanza, lini uage. Tangu viwiliwili vianze kazi, hakuna kijana wa Tanga aliyepotea wala kuaibika ugenini.

Aliyevibuni ni Mhandisi Zubeda, mama yake Semeni. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mbele ya kioo kikubwa, akiona kila alichokiona bintiye, na roho yake ilikuwa imetulia. Kesho yake Mfuko wa Vijana Ughaibuni ungekaa kikao kuamua kama uache kabisa kuwapeleka vijana nje kwa ndege. Viwiliwili vilikuwa rahisi na salama, na wajumbe walikuwa wakimsubiri yeye tu aseme neno. Tatizo lilikuwa nyumbani kwake. Semeni alikuwa katika kundi la mwisho lililokubaliwa kusafiri kwa mwili, na hakutaka kusikia habari za kofia.

"Mama, wewe ulikwenda," alikuwa akisema kila siku.

"Nilikwenda nikateseka. Nimekaa miaka yote hii nikitengeneza dawa ya mateso yale, halafu mwanangu ndiye anayeikataa?"

Mwisho wakapatana. Semeni aende kwanza kwa kiwiliwili, akamsalimie Bi Halina. Akitosheka, aachane na ndege.

Semeni alimjua huyo Bi Halina kwa hadithi tangu utotoni. Zubeda alipokwenda kusoma Gdansk alikuwa binti mbichi, hajui lugha, na koti lake lilikuwa la kuazima. Siku chache tu baada ya kufika, jirani wa mlango wa pili akamletea bakuli la supu ya bitiruti, nyekundu kama kitambaa cha kanga. Zubeda aliinywa yote. Akaliosha bakuli, akalikausha, kisha akakwama. Kwao Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utaanzaje kumrudishia mtu chombo kinachopiga mwangwi? Naye chumbani hakuwa na kitu ila mkate mkavu na chumvi. Akasubiri kifurushi cha visheti alichoahidiwa na mama yake. Kifurushi hakikufika. Jirani naye, alipoona bakuli halirudi, akahisi binti wa watu ana njaa kweli, akaleta la pili. Likaja la tatu. Zubeda akawa anayapanga dirishani, safi yanametameta, na kila akisikia hatua nje anazima taa kwa haya.

Hata siku moja mlango ukagongwa kwa nguvu. Bi Halina alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Kwa ishara na maneno mawili matatu akamweleza: mabakuli yameniishia, kwa hiyo sasa wewe mwenyewe njoo ule kwangu.

Basi akala pale kipupwe kizima. Alipopata maneno ya kueleza ule mkwamo wake, Bi Halina alicheka mpaka akakaa chini jikoni. Wakakaanga visheti pamoja, mafuta yakatapakaa jiko zima, wakajaza mabakuli na kuyagawa ngazi nzima. Siku ya kuondoka, bibi yule alimrudishia bakuli moja. Hili kaa nalo, alimwambia, siku utakapolijaza utaniletea.

Zubeda hakurudi tena. Aliolewa, akapata kazi, akazama katika mashine zake. Bakuli lilikuwa kabatini. Kilichomkaa moyoni kuliko vyote ni ile haya ya kuzima taa, na ndiyo iliyomfanya amtengeneze mnong'onezi, ili mtoto wa mtu yeyote asije akajificha gizani kwa sababu ya bakuli.

Kiwiliwili kikabisha hodi. Aliyefungua alikuwa bibi kikongwe, amejikunja, lakini Zubeda, mbele ya kioo chake, alimtambua papo hapo, akajikuta ameshika mdomo.

"Mimi ni Semeni," binti alisema, na mnong'onezi akayageuza maneno yakatoka kwa Kipolandi safi. "Mtoto wa Zubeda."

"Zubeda wa mabakuli?" Bi Halina akauliza. Akanyoosha mkono, akalishika lile shavu la mpira kama anavyoshikwa mtoto. "Ingia, ingia. Umekuja na baridi hii!"

Kiwiliwili kikapangusa viatu vyake kama kilivyoelekezwa, kikakaa palepale palipotakiwa. Mezani palikuwa na sahani mbili. Bibi akafunua sufuria, mvuke ukapanda.

"Umekula, mjukuu wangu?"

"Sema umeshiba," mnong'onezi akanong'ona. "Kiwiliwili hakili. Jibu la adabu ni kwamba umeshiba."

"Nimeshiba, bibi, ahsante," Semeni akasema.

Bi Halina alisimama kidogo na mwiko wake. Kisha akafunika sufuria.

Wakazungumza habari za hali ya hewa, za masomo, za mama. Kila swali lilipata jibu zuri. Bibi alipofungua kabati kutafuta picha ya zamani, mnong'onezi akasema kwamba mwenyeji amechoka, pumzi yake inaonyesha, na huu ndio wakati mwafaka wa kuaga. Semeni akaaga vizuri. Bibi akamshukuru kwa kuja. Kiwiliwili kikageuka kuelekea mlangoni, na hapo jicho la kisogoni likamwonyesha Zubeda kitu ambacho mgeni wa kawaida asingekiona: Bi Halina akichukua sahani moja mezani, sahani safi, na kuirudisha kabatini.

Machozi yakamtoka Zubeda mbele ya mafundi wake, wala hakuyafuta.

Semeni alivua kofia, akakaa kitandani, nywele zimemsimama.

"Haya, umeonaje?" mama yake akamuuliza.

"Ilikuwa nzuri. Ana adabu sana." "Lakini mama, mbona nilisema nimeshiba? Mimi ile supu nilikuwa naitaka."



Kesho yake Zubeda alisimama mbele ya kikao. Mwenyekiti, Bwana Mhina, alikuwa amekwishaandaa hotuba ya kumpongeza.

"Msiache ndege," Zubeda akasema. "Chombo changu kinafanya kazi yake vizuri. Kinamzuia kijana asikosee. Nami nilifunguliwa mlango kwa sababu nilikosea. Ningekuwa na mnong'onezi, ningelirudisha bakuli la supu la jirani kesho yake na kusema ahsante, na Bi Halina angebaki kuwa jirani tu."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Mhandisi," Bwana Mhina akasema kwa upole, "ni wewe uliyetueleza hapahapa juu ya vijana waliougua, waliotapeliwa, waliolia peke yao vyumbani. Ulitueleza vizuri mno, tukaelewa. Leo unataka tusahau kwa ajili ya supu?"

Hapo alikuwa amemshika pabaya, kwa sababu yote hayo yalikuwa kweli. Kura zikapigwa, ndege zikaisha. Kitu kimoja tu alikipata kwa kusihi sana: kundi lililokwisha kukubaliwa liende, liwe la mwisho.

Siku ya safari Zubeda alilitoa bakuli kabatini, akalijaza visheti, akalifunga kwa kitambaa. Semeni alikuwa ameshika kile kidude kidogo cha kuvaa sikioni, mnong'onezi wa mfukoni.

"Nikichukue, mama?"

Zubeda alikitazama kwa muda, maana mama ni mama. Kisha akakitwaa mkononi mwa bintiye, akakitia mfukoni mwake mwenyewe. "Nenda hivyohivyo."

Simu ililia siku Semeni alipofika. Zubeda alikuwa kazini, amesimama katikati ya vitanda, vijana wamelala safu kwa safu na kofia zao, kila mmoja yuko mji wake, hakuna hata mmoja aliyepotea.

"Mama!" Sauti ya Semeni ilikuwa ya mtu anayetaka kulia na kucheka kwa pamoja. "Nimekosea ngazi. Nimegonga mlango sio, akafungua baba mmoja, nikadhani ndiye mwanawe bibi, nikampa bakuli. Wameita watoto wote, wamekula visheti nusu nzima! Ndio nagundua bibi anakaa jengo la pili. Sasa nitampelekea bakuli nusu? Naona haya, mama, sijui hata nitokeje humu!"

"Uko wapi sasa hivi?"

"Jikoni kwao. Wamenivua koti, wamelificha. Wameniwekea supu."

"Ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Nyuma ya sauti yake Zubeda alisikia viti vikiburutwa, watoto wakicheka, mwanamke akisema neno ambalo hakuwa amelisikia tangu ujana wake. Alilijua bila kunong'onezewa na mtu.

"Anakwambia ule," Zubeda akasema. "Kula, mwanangu."

Akabaki na simu sikioni, akiisikiliza sauti ya kijiko, huku vijana wamelala kimya pande zake zote, wote wameshiba.