Chenga Kwenye TV ya Bibi Rhobi

Jua lilikuwa linazama tulipoipita Butiama, mimi nikiwa nyuma ya bodaboda na mkoba wa vifaa mapajani. Nilitoka nyumbani Kigera, Musoma, kwenda Buswahili kutengeneza televisheni. Nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, na kazi hii ya pili nilifundishwa na marehemu kaka yangu: zile TV kubwa za chogo, zenye mgongo mnene, ambazo vijana wa sasa hawataki hata kuzifungua.

Aliyeniita ni Jenipher, mwanafunzi wangu wa zamani. Alisema TV ya marehemu mama mkwe wake imezimika, na tangu izimike, mtoto wake hanyonyi. Nikamwambia ampeleke hospitali. Akasema ametoka huko, wamempima, hawakuona ugonjwa.

"Njoo tu, mwalimu," akasema. "Nakuomba."

Mumewe, Samweli, alinipokea mlangoni. Aliniamkia, kisha akajaribu utani.

"Mwalimu, usije ukanichapa. Mimi hiyo TV sijaigusa."

Nikamwambia fimbo nimeiacha nyumbani. Alicheka kidogo, kicheko kikaishia hapo hapo. Ndani mtoto alikuwa analia. Kilio chembamba... cha mtoto aliyechoka hata kulia.

Jenipher alikuwa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, utosi umebonyea. Nimeshika watoto wengi maishani. Niliona huyu hana siku nyingi.

Walinieleza kwa sauti ya chini. Mtoto ni wa kike, hana jina bado. Kwao mtoto hupewa jina la mmoja wa marehemu, na jina likiwa siyo lake, atalia mpaka lipatikane. Walianza na Rhobi, jina la mama yake Samweli, mwenye TV. Akalia. Wakataja marehemu wa pande zote mbili, mmoja mmoja. Akalia. Kilichomtuliza ni mwanga wa ile TV tu.

"Alikuwaga anaiangalia hata ikiwa na chenga tu, bila picha," Jenipher alinong'ona. "Anacheka. Halafu ananyonya."

Nyuma yetu, ukutani, kulikuwa na benchi refu alilokalia Bibi Rhobi enzi zake. Wote walikaa chini. Nami nikapiga magoti mbele ya TV.

Niligeuza TV, nikafungua mgongo wake. Vumbi. Utando wa buibui. Kisha ikatoka harufu ya ugoro... ugoro mbichi, kama uliosagwa asubuhi hiyo.

TV ya chogo ina jambo moja la kuogopa. Hata ukichomoa waya ukutani, kioo chake hubaki na umeme mkali, na lazima uutoe kabla ya kugusa chochote. Unafunga waya kwenye bisibisi, ncha ya pili unaishikiza kwenye bati la ndani, kisha unachokonoa chini ya kifuniko cha mpira kilicho juu ya kioo. Hulia tap. Cheche moja, basi.

Nikachokonoa.

Haikulia tap.

Hhhhhhh...

Pumzi ndefu, kama ya mtu mzima anayejiinua kitini.

Na mtoto akanyamaza.

Samweli alimmulika usoni kwa simu. Macho yalikuwa wazi. Kifua kilipanda kidogo... kikashuka... kikakawia kupanda tena.

"Fanya haraka, mwalimu."

Ubovu niliuona. Lehemu ilikuwa imepasuka kwenye mguu wa kile kidude kinachokipa kioo umeme wake. Nikachomelea upya, nikafunga, nikawasha.

Mlio mwembamba. Kisha chenga.

Shhhhhh...

Zilitakiwa ziwe chenga tu, maana king'amuzi sikuwa nimekiunganisha. Lakini zilianza kujikusanya. Pakatokea ukuta. Ukuta huu huu wa chumba tulichokaa. Likatokea benchi. Na kwenye benchi, upande wa kushoto, bibi mmoja mwenye kitenge cha njano, rangi imekolea kama ya picha iliyopigwa jana.

Niligeuka nyuma.

Benchi lilikuwa tupu.

"Mama," Samweli akasema taratibu, kama anayemkaribisha.

Bibi hakutoa sauti. Midomo tu ndiyo ilicheza, neno lile lile, tena na tena. Nimetumia umri wangu kuangalia midomo ya watoto wanaosoma silabi, nikajikuta namfuata.

Nya...

Midomo ikafumbana. Mbu...

Ikafunguka, meno yakaonekana. Ri.

Watu wananijua kama Mwalimu Marcelina. Nyamburi ni jina langu la nyumbani. Waliokuwa wakiniita hivyo tumeshawazika wote.

"Anasemaje?" Jenipher aliuliza.

Mila ile ni yetu pia. Jina hutoka kwa aliyekufa. Mimi nilikuwa hai, nimepiga magoti pale na bisibisi mkononi, na nilielewa ninachoombwa.

Kifua cha mtoto kilishuka.

Kikakawia...

Kikakawia...

Nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Nyamburi," nikamwita.

Akashtuka. Akavuta hewa. Akageuza kichwa kulitafuta ziwa la mama yake, akanyonya kwa pupa, tukasikia anavyomeza. Jenipher alilia bila sauti.

Samweli alinishika bega kwa furaha, akaniuliza Nyamburi ni marehemu yupi. Nikamwambia ni mimi. Mkono wake ukatoka begani, polepole.

Kwenye kioo, Bibi Rhobi alikusanya kitenge chake. Akasogea. Akaacha nafasi upande wa kulia wa benchi, akaipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayekaribisha mgeni.

Nilichomoa waya ukutani.

Mtoto amenenepa sasa, anatambaa. TV hawajaiwasha tena. Jana Jenipher alipiga simu kunijulia hali, akasema Nyamburi mdogo anapenda kukaa mbele ya kile kioo kilichozimwa, anakipiga makofi na kucheka, kama anayemwona mtu anayemjua.

Nikamuuliza anaangalia upande gani.

Kwa mbali, nilisikia mtoto akicheka.

"Mwanzoni alikuwaga anaangalia kushoto," alisema. "Siku hizi ni upande wa kulia tu."

Kisha akashusha sauti.

"Mwalimu... wewe mzima lakini?"