Kikombe cha Mwenye Moto

Walipaka rangi vyombo viwili, wakarudishiwa vitatu.

Mama wa watoto, fundi cherehani mwenye mikono myepesi na subira fupi, aliona ni jambo la kuchekesha. Wiki moja nyuma, shule zilipofungwa na watoto walipoanza kupanda makabati, aliwapeleka wanawe wawili kwenye karakana ya mfinyanzi. Huko mtoto huchagua chombo cheupe kilichokwisha kuchomwa mara moja, akakipaka rangi apendavyo, kisha mfinyanzi hukichovya katika rojo la kung'arisha na kukichoma mara ya pili. Dada, mwenye miaka tisa, alichora samaki kwenye bakuli. Mdogo wake wa miaka mitano, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, alichagua kikombe, na katika rangi zote zilizojaa mezani akachukua nyeupe.

"Nyeupe juu ya nyeupe?" mama yake akamtania. "Si bora ungekipaka maji?"

"Mimi naiona," Kitinda akajibu, akaendelea kupaka.

Jina lake halisi halitajwi hapa, na kabla hatujamaliza utajua kwa nini. Lilikuwa jina la bibi yake mzaa mama, aliyefariki miezi miwili kabla mtoto hajazaliwa. Fundi alilipenda kuliko chochote alichorithi. Alilitarizi kwenye kola za sare, kwenye mikoba, hata kwenye soksi.

Basi siku ile, wakati mfinyanzi akiosha brashi, fundi alipita kwenye ubao ambapo vyombo vilipangwa kusubiri tanuri. Alivigeuza kimoja kimoja, maana kila chombo huandikwa jina chini kwa penseli isiyofutika motoni. Akakuta kikombe cheupe kisicho na jina. "Angekikosa huyu," akasema, akachukua penseli, akaandika jina la mwanawe kwa mwandiko wake mzuri. Hakujua kwamba Dada alikuwa amekwisha kumwandikia mdogo wake, asiyejua bado kuandika, na kwamba kikombe halisi kilikuwa upande wa pili wa ubao. Haraka haraka haina baraka.

Ndiyo maana vikarudi vitatu. Msichana wa mapokezi alimkabidhi bakuli la samaki na vikombe viwili vyeupe vyenye jina moja.

"Cha nyongeza hakikataliwi," fundi akacheka, akavitia vyote mkobani.

Kimoja kilikuwa na joto. Alidhani ni jua la njiani. Lakini asubuhi alipofungua kabati la vyombo, kilikuwa na joto bado, na kabati zima lilinuka moshi na udongo uliolowa.

Siku ya tatu, mchana, alikuwa akishona, akamwita mtoto kwa jina lake.

"Nipo, mama," sauti ikajibu kutoka jikoni.

"Niletee mkasi, mwanangu."

Mkasi haukuletwa. Akaenda mwenyewe. Jikoni hapakuwa na mtu. Kitinda alikuwa ameketi uani, mgongo umegeukia mlango. Fundi akasimama nyuma yake, akamwita tena. Mtoto hakugeuka. Ila nyuma ya fundi, ndani ya kabati lililofungwa, sauti ileile ikasema taratibu, "Nipo, mama."

Jioni alimweleza mumewe kwa kunong'ona.

"Umechoka, mke wangu. Cherehani inakuvumia masikioni," mume akasema, na ili kumthibitishia akaita jina la binti yake mdogo. Akasikia alichosikia. Alisukuma sahani pembeni, na usiku huo hakula tena.

Kitinda alipoulizwa kwa nini haitiki, aliwatazama kama watu wanaouliza jambo la wazi. "Huyo mnayemwita yuko kabatini," akasema. "Mimi sina jina."

Tangu hapo mtoto akaanza kukauka, tena kukauka hasa, maana alikunywa maji jagi baada ya jagi na kiu haikuisha, hakutoka jasho wala machozi, vidole vyake viliacha vumbi jeupe kwenye shuka na kwenye shavu la mama yake alipomkumbatia, na daktari aliyempima mara mbili hakuona ugonjwa. Siku ya tisa fundi akimwogesha aliona mstari mwembamba umeanzia kisiginoni, ukapanda kwenye muundi mpaka chini ya goti, ufa kama wa chungu kilichokaushwa vibaya, na alipoupitishia kidole mtoto hakusikia kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimbeba mgongoni, akatia kile kikombe chenye joto mkobani, akakimbilia karakanani.

Mfinyanzi alikuwa akinywa chai katika kikombe kilichomeguka mdomo. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee. Alipoona kilichotolewa mkobani, chai ikamponyoka.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi. Nilidhani ni cha mwanangu, kimesahauliwa."

"Hakikusahauliwa, dada yangu." Sauti ya mfinyanzi ilishuka. "Kila tanuri likiwaka, kikombe kimoja huingia bila rangi wala jina. Ni cha mwenye moto. Yumo tanurini tangu kabla yangu, na kabla ya yule aliyenifundisha. Tunampa chake, naye anatuachia vyetu, kisha nakizika huko nyuma. Safari hii nimekitafuta siku tisa. Wewe umempa kikombe chenye mtu ndani."

Fundi alikwisha kukiinua akipasue sakafuni. Mfinyanzi akamdaka mkono.

"Ukikivunja umemvunja na yeye! Tazama kwanza mguu wa mwanao!"

"Basi lifute jina! Likwangue! Nifanye nini, niambie!"

"Rojo limeshageuka kioo juu yake, halikwanguki. Tutakirudisha motoni, tumwachie jina alilopewa. Mtoto utampa jingine. Na hili la kwanza lisitamkwe tena na yeyote, hasa yeye mwenyewe. Atakayelitamka anamwita."

"Ni jina la mama yangu," fundi akasema, na hapo ndipo alipolia. "Sina kingine chake."

"Una mjukuu wake," mfinyanzi akajibu. "Chagua."

Tanuri likawashwa kabla ya adhuhuri. Fundi aliketi mbele yake na mtoto mapajani, na moto ulipokolea sauti ikaanza kulia humo ndani, kwanza ya Kitinda, mama kunaunguza, mama nifungulie, nitakuwa mtoto mzuri, ikilia hivyo huku Kitinda mwenyewe akiwa amelala mikononi mwake mkavu na mzito, kisha ikabadilika ikawa sauti aliyoizika miaka mitano iliyopita, sauti ya mama yake mzazi ikimwita kwa jina la utani ambalo hakuna aliye hai alilijua, ikimuuliza, mwanangu, utaniacha motoni, na fundi akang'ata bega la gauni lake mpaka akaonja damu, akatikisa kichwa, akatikisa, asiitike. Ilinyamaza saa kumi. Tone la jasho likateleza kwenye paji la uso la mtoto, likamdondokea mama yake mkononi. Ufa ulikuwa umebaki alama tu.

Nyumbani walifumua tarizi zote, uzi kwa uzi, na kikombe alichopaka Kitinda mwenyewe wakakiponda kikawa unga. Walibadilisha cheti cha kuzaliwa na madaftari ya shule. Ndugu, jamaa na majirani walionywa mmoja mmoja, na waliodhani ni mzaha walipotazama macho ya fundi waliacha kucheka. Mtoto alizoea jina lake jipya. Alinenepa, akaingia darasa la kwanza, akashika kusoma upesi kuliko dada yake. Alisoma pakiti za sabuni, mabango, maandishi ya milangoni, kila alichokiona, kwa sauti.

Mwaka ulipogeuka, fundi aliwachukua wanawe kwenda kusafisha kaburi la mama yake. Alitaka kumshukuru, na kumwomba radhi. Asubuhi ilikuwa na baridi, umande haujakauka. Dada akaenda kuteka maji. Fundi aling'oa magugu, kisha akaegemeza kiganja kwenye jiwe ili ainuke.

Jiwe lilikuwa na joto.

Alisikia harufu ya moshi na udongo uliolowa. Ndipo alipokumbuka mahali pekee ambapo jina lile halikufutwa, maana lilichongwa. Aligeuka. Kitinda alikuwa amepiga magoti upande wa maandishi, kidole juu ya herufi, akiunganisha silabi kwa sauti kama mwalimu alivyomfundisha, akitabasamu, akingoja kusifiwa.

Fundi alimrukia akamziba mdomo. Silabi ya mwisho ilikuwa imekwisha kutoka.

"Nipo, mama," sauti ikajibu kutoka chini ya jiwe.