Tumezika kwa Ngalula

Soko la Kenya, mtaa wa mji wa Elisabethville, kwenye safu ya wauza kimea, ndiko Mwaba alikomwona Ngalula. Tuseme ukweli: aliona kwanza kimea chake. Mwaba alikuwa kijana wa Kipushi, mtu wa ghala la kimea katika kiwanda cha bia cha Elisabethville, shati jeupe kila siku. Alichota punje za ulezi kikapuni, akatafuna.

"Eh, papa! Iko ya kuuzisha, haiko bukari ya kula kwenu!"

Akainua macho. Kitenge cha manjano, shingo ndefu, na mkono wa kulia usio na kidole cha mwisho.

"Nasikiliza tu, mama. Kimea kizuri kinavunjika kama chaki. Kibaya kinagoma kama jiwe."

"Na yangu?"

"Yako inavunjika vizuri. Nani alikufundisha?"

"Mama. Iko chini ya udongo sasa. Unauza, unatoa franga, ao unanisumbua bule?"

"Nauza kikapu yote, kama na mwenyewe iko ndani."

Ngalula akacheka mpaka wenzake wakageuka. Tangu siku ile Mwaba hakukosa soko.

Lakini ulikuwa wakati ule Katanga imejitenga, na watu wa Kasai kama Ngalula walikuwa wakitazamwa kwa pembe ya jicho. Mjomba wake Ngalula hakumtaka Mwaba. Akatoa sharti: "Aniletee pombe ya posa ambayo siwezi kuitema. Hapo nitasikia maneno yake."

Mwaba akapata kwa Mgriki mmoja gunia la shayiri ya kulisha farasi. Wakakaa wawili katika nyumba ya marehemu mama yake Ngalula, wakichambua. Punje iliyovunjika ilitupwa, haioti, inaoza na kuozesha zile za jirani. Iliyotobolewa na wadudu ikatupwa. Nusu ya gunia ikaenda kwa kuku.

"Sheri wangu, utawamalizia kuku shayiri yote," Ngalula akamtania.

"Kimea kikiwa kibaya, hakuna mpishi wa kukiokoa. Na mjomba yako iko na ulimi mukali."

Wakailoweka. Ngalula akamweleza namna mama yake alivyosema: punje unaizika chini ya magunia mabichi, inaamka, unaigeuza asubuhi na jioni, unainywesha maji. Mizizi ikitosha, unaianika juani ife mara ya pili.

"Ninyi munapika pombe ao munafufua bafu, bantu ba kaburini?" Mwaba akauliza, akaenda kazini akicheka.

Mizinga ikaanza kulia akiwa kiwandani. Njia ya kwenda Kenya ikafungwa. Katikati ya makelele yale, karani Zéphirin akamjia, kofia mkononi.

"Mwaba, pole. Mama Martine, jirani ya Ngalula mwenye bare ya pombe, alipiga simu. Anasema kwa Ngalula bamezika. Ukuye mbio. Halafu laini ikakatika."

Siku nyingine angekumbuka magunia. Siku ile watu walikuwa wakizikwa kweli, na neno lilikuwa na maana moja tu. Mwaba akakaa chini, juu ya sakafu ya ghala.

Njia ilipofunguliwa alikwenda, apate hata kuliona kaburi. Mtaa ulikuwa mtupu. Watu wa Kasai wamekimbilia kambini, bare ya Martine imepigiwa misumari, bomba la mtaa limekauka. Akasukuma mlango wa Ngalula.

Ndani giza, na joto kama la mtu aliyelala. Chini ya magunia kulikuwa na kitu kirefu. Kilikuwa kinapumua, alisikia mwenyewe, *sss*, *sss*, kama mgonjwa. Akafunua.

Shayiri. Imeamka, mizizi myeupe, inanukia tango lililokatwa sasa hivi. Kimea kilichoachwa peke yake kingekuwa kimeshikana na kuota ukungu. Hiki kilikuwa kimegeuzwa, na magunia yalikuwa mabichi. Juu yake kulikuwa na mifereji ya vidole: vinne vya mkono wa kushoto, vitatu tu vya kulia.

Ulikuwa mkono wa Ngalula. Lakini hakukimbia. Akapiga magoti, akageuza chote taratibu.

"Pumzika, mupenzi. Mi nitafanya."

Jioni ya pili akakuta mifereji tena. Ya tatu vilevile. Akazoea kuzungumza naye, kumwambia habari za mji. Kisha akapima mizizi: imetosha. Kesho kimea lazima kianikwe. Akichelewa, utamu wote unaliwa na mizizi. Akikiua, marehemu atakuja kufanya nini tena? Akakigeuza mara ya mwisho.

"Nitakiua vizuri," akasema mwishowe. "Hukunifundisha kuharibu."

Asubuhi alikuwa anatandika mkeka uani mlango ulipolia. Ngalula, kitenge cha manjano kimechafuka. Akapiga yowe.

"Mufu! Rudi kwenu, Mwaba, nilikulilia ya kutosha!"

"Mufu njo weye, haiko miye! Zéphirin alisema bamezika!"

"Tulizika shayiri, we mujinga! Nilikuita, haukukuya. Muntu muzima akiitwa anakuya! Nikasema mizinga imekukamata. Nilikuwa natoroka kambi kila asubuhi, nakuta umegeuza kimea, na woga wote nikasema: hata kaburini ananipenda."

Wakashikana, wakalia, wakacheka. Waliianika shayiri pamoja. Jua lilipoikausha, Mwaba akatafuna punje moja, ikavunjika kama chaki.

"Ulifanya muzuri kuinywesha maji kila siku," akamwambia.

Ngalula akageuka. "Maji gani? Bomba imekauka tangu vita. Nilizani ni weye."

"Mi sikuleta hata tone."

Wakatazama mlango wa nyumba. Ndani, magunia matupu yalikuwa bado yanachuruzika.

Pombe ilipoiva, mjomba alikunywa, hakutema, akanyoosha kikombe tena. Lakini kikombe cha kwanza kabisa Mwaba hakumpa yeye. Alikimwaga kizingitini mwa nyumba ya marehemu mama, akiwa amepiga magoti.

"Mama mukwe," akasema, "aksanti. Nimekuja kumuomba mutoto yako."

Udongo ukakinywa mara moja, kama mtu aliyekuwa na kiu.